Mkwe Amechonga Kashata kwa Kisu

Mpendwa Mshauri Mwajabu,

Naomba unisaidie kabla sijaaibika au sijaua watu. Mimi ni kijana wa Qurus, nina Landrova aliyoniachia marehemu baba, na nimemchumbia Naisula, binti wa mzee Metui wa Enguserosambu, ambaye kazi yake ni kukata viatu vya katambuga kutoka matairi machakavu, na kwa kisu hana mpinzani Loliondo nzima, na tangu nimpe ng'ombe ananiita Pakiteng, yaani mwenzangu wa ng'ombe, nami namwita hivyohivyo, tunapatana sana, basi aliposikia nimezunguka Karatu na Arusha nikakosa matairi, maana mwaka huu wa 1983 hata tyubu hupati, akachukua mawili yaliyokwisha kuwa kipara, akayachonga kwa kisu kashata mpya, ile mifereji ya kukamata barabara, akayapaka mafuta ya kondoo yakang'aa kama ya dukani, akanikabidhi mbele ya wazee wakayabariki kwa maziwa, nami nikashukuru nikayafunga mbele, nikaona yameandikwa 7.50-16 na 6PR, nikadhani 6PR ni abiria sita, na siku ya harusi natakiwa nibebe kumi na mmoja kupita ukingo wa kreta, sasa juzi Naisula kapitisha kidole kwenye mfereji mmoja akakuta uzi, akaniambia, "Baba hajui gari. Wewe unajua." Nikiyavua nimemtukana mkwe, nisipoyavua silali. Harusi ni baada ya wiki sita. Nifanyeje?

Dereva, Qurus

Wewe Dereva,

Pole sana, na sasa nikugombeze. Nimeolewa na dereva wa lori miaka kumi na tisa, matairi nimeyabiringisha mwenyewe nikiwa na mimba, kwa hiyo usidhani umemwandikia mpika maandazi.

Hiyo 7.50 ni upana wa tairi kwa inchi, na 16 ni ukubwa wa rimu linapokaa. PR ni nguvu ya tabaka za nyuzi zilizo ndani ya mpira. Haihesabu makalio ya watu, baba. Namba ikiwa kubwa, tairi linahimili mzigo zaidi, likiwa zima. Lako si zima.

Kashata huisha kwa sababu mpira umeisha. Mkweo hakuongeza mpira, ameupunguza ule kidogo uliobaki, na huo uzi aliougusa Naisula ndio unaolishikilia tairi lisipasuke. Ukikatika kwenye zile kona za kushuka kutoka kreta hadi getini, huku kuna ukungu na tope, mtakwenda wewe na hao kumi na mmoja kuwasalimia nyati. Na hayo mafuta ya kondoo yapakwe miguuni, mpira yanauozesha.

Sasa nisikilize. Yavue leo. Nenda Enguserosambu na tairi moja, umwone mzee peke yake, si mbele ya wale wazee. Usimhubirie. Mshike kidole umwekee kwenye uzi. Mtu anayeishi kwa kukata matairi anajua kisu kikigusa uzi hata katambuga haidumu. Mwambie, "Pakiteng, hili ni la miguu, si la gari," umwombe awakatie wageni wa harusi katambuga. Atacheka, au atanuna kidogo kisha atanoa kisu.

Matairi tafuta Mbulumbulu kwa wenye mashamba ya ngano, uazime yenye 7.50-16 kama yako, PR isipungue. Angalia ubavu usiwe na nyufa wala uvimbe. Pima upepo asubuhi kabla hujaliwasha gari, ujaze kama kitabu cha gari kinavyosema, na usiupunguze njiani eti tairi limepata moto. Chokoa mawe kwenye mifereji. Spea nayo uipime, maana najua yako imelala bila upepo tangu msiba wa baba yako. Abiria wagawe safari mbili, mama mkwe atangulie.

Na ukikosa matairi kabisa, ahirisha harusi. Enguserosambu watanuna mwezi mmoja, mwezi wa pili watakunywa pombe ya asali, na bibi harusi atakuwa hai.