Kadi Nane Droani na Muujiza wa Baba

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ukicheka sitakulaumu, maana hata mimi nacheka halafu nashika kichwa. Ni fundi wa kushona sare za shule, nina miaka arobaini na mmoja, mtoto wa tatu kati ya watano, na baba yetu ni kinyozi ambaye mtaa mzima unamwita Karudi, kwa sababu miaka ishirini na sita iliyopita alipasuliwa kidole tumbo hospitalini akafa, halafu akarudi, au ndivyo tulivyokuwa tukijua sote.

Kila mwaka tarehe ile ile tunajaa sebuleni kwake, watoto na wajukuu mpaka kwenye mlango wa jikoni, naye anasimulia: asubuhi alichomwa sindano, mwili ukamkataa, akawa hawezi kuinua hata kope, akamsikia mtu akisema "huyu tunampoteza", kisha akajikuta kwenye geti ambapo mlinzi alipekua daftari akamwambia, "Jina lako halimo humu, na hapa hatuingizi watu kwa kujuana, rudi ulikotoka," na njia nzima ya kurudi kulikuwa na sauti inamhesabia, moja mbili tatu, moja mbili tatu, mpaka akafumbua macho jioni. Hapo tunapiga makofi, na mama, ambaye ameshaisikia mara zote, anainuka kwenda kuangalia sufuria.

Usidhani ni kichekesho tu. Kabla ya siku ile baba alikuwa mlevi wa kutupwa, ananyoa watu mkono unatetemeka, na mama alishafunga virago mara mbili. Alipotoka hospitalini alisema mtu aliyerudishwa getini hana ruhusa ya kupoteza siku, na tangu hapo chupa hajaigusa.

Sasa miezi miwili iliyopita nilitolewa mawe kwenye nyongo katika hospitali yetu ya umma, na kumbe nami nikagoma kuamka, saa tano nzima mashine inanipumulia, na nilipozinduka daktari wa usingizi hata pole hakunipa, aliniuliza, "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuchelewa kuamka?" nikamjibu kwamba baba yangu hakuchelewa, alikufa kabisa. Akanielekeza kwenye kliniki mpya ya vinasaba, ipo pale pale, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka na bado kinanukia sabuni, ambako nesi mmoja mchangamfu alinichorea ukoo wetu kwa miraba na miduara, wakapima damu yangu bure, na majibu yakaja kwamba tumerithi mwili usioweza kuivunja upesi dawa moja ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, dawa ambayo kwa wengine huisha kwa dakika chache na kwetu inakaa masaa, mtu yu hai kabisa ila hawezi kupumua mwenyewe, na mpaka uipate kasoro hii kama nilivyoipata mimi lazima itoke pande zote mbili, kwa hiyo hata mama yumo.

"Baba yako hakufa," nesi akaniambia huku anatabasamu. "Alikuwa anasubiri dawa iishe."

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Kisha akanipa kadi nane za kuwapeleka ndugu wa damu wakapimwe, yaani baba, mama, ndugu zangu wanne, baba mdogo na shangazi, akaniambia kila ndugu yangu wa tumbo moja yuko nusu kwa nusu kuwa na kasoro kama yangu, nami nikaacha kucheka.

Kadi ziko kwenye droo ya cherehani wiki ya tatu sasa, na kitinda mimba wetu anafanyiwa upasuaji wa goita Jumatano ya wiki ijayo katika hospitali nyingine, na sijamwambia, kwa sababu mdomo wake hauna breki, nikimwambia saa nne baba atakuwa amejua saa nne na robo, na kama baba hakufa basi hakurudi, na kama hakurudi, Mama Mshauri, kitu gani kitamzuia asiirudie chupa? Nimefikiria hata kumwandikia daktari wa mdogo wangu barua isiyo na jina. Sherehe ya baba ni Jumapili hii. Nifanyeje?

Fundi Sare

JIBU

Fundi, nilipofika kwenye neno "Jumatano" nilitua kikombe changu cha chai nikakupigia simu, nawe ukanijibu kwa upole kabisa, "Nilikuwa nangoja gazeti." Ungoje gazeti na mdogo wako anangojewa na meza ya upasuaji? Wasomaji washushe pumzi: kadi yake aliipata siku hiyo hiyo, akakuapia kwamba safari hii atafunga mdomo mpaka wewe umwambie baba, damu imechukuliwa, na daktari wake wa usingizi ameandika kwa wino mwekundu juu ya faili kwamba majibu yaje yasije, dawa ile asipewe, atatumia nyingine. Kuandika kwenyewe, umeniambia, hakukufika dakika moja. Dakika hiyo ndiyo uliyoifungia droani wiki tatu kwa kumwonea baba huruma. Ni aibu yako, na nimeshaisema, sitairudia.

Sasa tuje kwa mzee. Unamwogopea, nakuelewa, binti anayemkumbuka baba akiwa mlevi haponi woga kirahisi. Lakini pia umemdharau. Unadhani aliyemwachisha chupa ni yule mlinzi wa getini. Mlinzi alimwachisha siku moja, labda mbili. Siku zilizobaki, na ni zaidi ya elfu tisa, aliamka mwenyewe akapita mbele ya baa akaenda kufungua kibanda chake cha kunyolea. Hilo ni lake, na hakuna kliniki itakayompokonya.

Halafu kuna ile sauti iliyomhesabia. Nilimuuliza rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa usingizi aliyestaafu, naye hakuniacha hata nimalize. "Zamani tulikuwa hatuna mashine kila mahali," akasema. "Mgonjwa asipopumua unakaa kichwani kwake unaminya mfuko wa hewa kwa mkono. Unahesabu ili usipoteze mwendo. Viganja vikifa ganzi anakupokea mwenzako." Baba yako aliingia chumba cha upasuaji asubuhi, akafumbua macho jioni. Fundi, kuna watu waliminya ule mfuko kutwa nzima kwa ajili ya mtu wasiyemjua, mlevi wa mtaani. Mimi ninakiri nililia kidogo, kwa raha.

Basi fanya hivi. Leo ni Ijumaa, na wateja wa kinyozi husoma gazeti wakingoja zamu, kwa hiyo huna muda wa kujipamba. Ukimaliza mstari wa mwisho vaa viatu uende. Mngoje amalize kichwa alichonacho mkononi, kaa kwenye kiti chake, umweleze. Usianze na dawa wala miraba na miduara, anza na mikono ya wale watu. Kisha mpe kadi yake, na zile zilizobaki mkabidhi yeye azigawe Jumapili. Wewe ukisimama sebuleni kuwaambia watu wakapimwe, shangazi atasema ana miadi. Akisimama Karudi, watapanga foleni mpaka kwenye ile stoo ya mashuka. Hospitali ingemtafuta mhamasishaji kama huyo isingempata. Na kadi ya mama itolewe mbele ya wote, kwa makofi, maana miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuangalia sufuria, kumbe naye yumo ndani ya hadithi.

Anaweza kukuuliza, mashine ya kunyolea ikiwa bado mkononi, "Kwa hiyo mimi sikufa?" Mtazame kwenye kioo umjibu, "Hukufa, Baba. Ulikuwa hai muda wote, na kuna mtu alilijua hilo, ndiyo maana hakuacha kuhesabu."