Mashimo Mapya ya Gari la Mkunga

Jumatatu, 9 Juni 1997
Miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Kalemie. Assia alizaliwa nimeshaondoka. Sijawahi kumbeba mwanangu. Leo nimeomba ruhusa tena. Mzee Massoudi, mwenye gereji, kajibu bila kuinua kichwa: gari la mkunga likitoka hapa, na mimi nitatoka. Haya. Lakini gari lenyewe liko juu ya matofali! Wezi wamelivua magurudumu yote kule mtaani Mutanga Sud. Na kwa vikwazo hivi vya nchi jirani, ya aina yake hayapatikani madukani Asiatique nzima.

Jumanne, 10 Juni
Mama Médiatrice, ndiye mkunga, kaleta magurudumu ya gari jingine lililogongwa. Mazima kabisa — ila hayaingii. Boloti nne, mashimo manne, lakini mashimo yamekaribiana zaidi. Fundi Djibril kasema si kitu: tutatoboa upya vitovu, pale gurudumu linapofungwa, kila shimo jipya kati ya mawili ya zamani, ndani kidogo. Massoudi kapiga kelele, "We Djibril, hiyo ni chuma, si muhogo!"
Mama Médiatrice anakwenda Uvira Jumamosi kwa dada yake. Gari likitembea, kiti cha nyuma ni changu. Na Jumapili kutoka huko kuna boti ya Kalemie!

Alhamisi, 12 Juni
Umeme hakuna tangu jana. Tumetumia kekee ya mkono. Djibril anashikilia, mimi nazungusha. Mabega yanawaka moto.
Asubuhi karibu tuharibu kila kitu. Kipimo cha kupangia mashimo tulikata kwa boksi la sabuni, mafuta yakalilainisha, likavutika. Bahati Djibril hatoboi chuma kabla ya kujaribu kwenye ubao. Massoudi alikuwa akimcheka, "Fundi wa magari au wa vitanda?" Tukaweka gurudumu kwenye ubao — shimo moja limekwenda pembeni! Djibril kakata kipimo kipya kwa bati la kopo la mafuta. Kimekaa sawasawa.
Vitovu viwili vya mbele vimekwisha.

Ijumaa, 13 Juni
Yameingia! Yote manne! Tumetoboa na ngoma za breki za nyuma, tukatia boloti, tukakaza. Djibril karudi toka msikitini, kazungusha gurudumu kwa kidole. Halichezi hata kidogo. Massoudi kaendesha mpaka Carama na kurudi, honi njia nzima, kama harusi. Kashuka, kanishika mkono, "Nenda, bwana. Kamwone mutoto."
Mikono imevimba. Sijali.

Jumamosi, 14 Juni
Kizuizi cha Gatumba, kabla ya mpaka. Naandika juu ya goti.
Gari limekuja kama jipya. Lakini askari kainama, kaona magurudumu si ya gari hili. "Mumeiba wapi?" Mama kashuka na jeki yake, "Vua, uangalie mwenyewe!" Kavua moja. Kaona mashimo manane, kapiga mluzi. Kasema gari la mkubwa wake nalo halina magurudumu. Nani katoboa? Mama kamwambia: Djibril, gereji ya Massoudi.
"Na huyu?"
"Huyu anazungusha tu."
Askari katazama viganja vyangu. Kasema ningoje, mikono hii inatakiwa hapa, kaenda kwa mkubwa wake kibandani. Mama kafunga gurudumu, kawasha gari, kaniambia nisishuke.
Massoudi nimemwambia nitarudi Septemba, mvua zikianza. Na huyo mkubwa naye angoje Septemba. Sishuki. Mlango wa kibanda unafunguka —