Wajane wa Kome

Wangeci, darasa la jioni sirudi tena. Niombee.

Leo mwalimu Kibii ameniita nisome ufahamu kwa sauti: "Kome wa baharini hukusanya risasi mwilini mwaka baada ya mwaka."

Mwaka baada ya mwaka, Wangeci! Mimi mtu wa Dundori, bahari siijui, nikadhani Kome ni kabila la Pwani. Machozi yakanitoka. Nikasema, "Mwalimu, tusiendelee kabla ya kuwaombea hawa watu."

Darasa zima likasimama! Nikakemea bunduki. Nikawaombea wajane.

Baada ya amina Kibii akasema polepole, "Mama Abby, kome ni wanyama wadogo wenye maganda, kama konokono. Risasi ni madini, kama yale ya betri ya gari. Uchafu ukiingia baharini wanayameza, na anayewala anayapata pia."

Wajane, Wangeci. Wajane wa konokono.

Halafu nikakumbuka Abby wangu yuko Mombasa, na Jumapili alinitumia picha ya sahani imejaa maganda meusi. Nikampigia nikiwa mlangoni pa darasa. "Abby, hao kome unaokula wana risasi!"

Akauliza, "Mum, nani amewapiga?"

Jumatatu narudi. Hii familia bado inahitaji masomo.