Maji ya Hagsätra

Jumamosi, 2 Februari 1974

Zamu yetu ya chumba cha kufulia, saa moja hadi saa nne asubuhi. Nimefua peke yangu. Nguo zimepungua tangu mke wangu Talaso afariki mwezi wa kumi na moja. Soksi zake mbili bado zinajitokeza kapuni kila mara. Sizitupi.

Kesho nasafiri kwenda kwao Talaso. Binti yetu Neema ana shule, atabaki na Mama Tumaini wa ghorofa ya tatu. Amejaza chupa ya chai kwa maji ya bomba letu hapa Hagsätra. Aliliacha bomba litiririke kwanza, akahesabu hadi kumi, kama mama yake. Niyapeleke kwenye mti wa kina Talaso, ule mgunga ulio peke yake jangwani, kaskazini ya Marsabit. Watu wa ukoo wake wamepita hapo na ngamia tangu mababu wa mababu. Anayefika huumwagia mti maji kwanza, ndipo anywe. Talaso alifanya hivyo hata hapa Stockholm, kwenye chungu cha ua dirishani. Mimi nilimcheka. Miaka kumi nilimcheka.

Kaburi lake liko huku, kwenye baridi. Kule hakuna kitu chake ila huo mti.

Jumanne, 12 Februari

Naandika ndani ya lori.

Guyo, kaka yake Talaso, ameendesha tangu alfajiri. Maji ya dumu yalinuka dizeli. Nilikunywa kidogo nikatapika. Guyo alicheka sana. "Shemeji wa theluji! Tukichelewa utayeyuka humu." Akashuka kubadilisha gurudumu. Nikafungua chupa ya Neema. Nilitaka funda moja tu. Hayakuwa baridi tena, lakini yalikuwa matamu. Nikanywa yote. Yote.

Tukafika. Mti si mrefu kama nilivyodhani. Shina limepinda, ni pana kuliko mlango wetu. Majani machache, lakini ya kijani. Pande zote hakuna kitu, mpaka macho yanauma. Guyo alimwaga maji yake, akataja jina la dada yake. Mimi nikazunguka upande wa pili, nikainamisha chupa tupu. Nikataja jina na mimi. Guyo akaja, akautazama mchanga. Mkavu. Akaninyooshea kikombe chake. "Chukua haya, shemeji." Nikasema nimeshamaliza.

Hajanitania tena tangu hapo.

Jumapili, 17 Februari

Nimerudi. Neema aliniwahi mlangoni, akauliza kwa Kiswidi kama mti ulikunywa. Nikasema ulikunywa. Akaitikisa chupa, akafurahi ni tupu.

Mimi ni mwoga.

Jumatano, 20 Februari

Neema amechora mti. Mchanga wa chini ameupaka rangi nzito, eti umelowa. Mwalimu ameutundika mchoro ukutani na anataka niende Ijumaa kulisimulia darasa zima. Mama Tumaini naye amenishika mkono kwenye ngazi: "Baba Neema, mke wako umemtendea haki. Wanaume wangapi wangefika kule?" Alikuwa na machozi. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu mwema.

Ijumaa, 22 Februari

Sikwenda shuleni. Nilipiga simu nikasema naumwa.

Neema alirudi, akasimama ukumbini na viatu vyenye theluji. Akasema asubuhi nilikuwa mzima. Basi nikamwambia. Dizeli, gurudumu, chupa, kikombe cha Guyo. Sikujitetea, au nilijaribu nisijitetee. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa Kiswahili, jambo ambalo siku hizi halifanyi:

"Mama angekunywa?"

Nikasema hapana.

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningepata nafuu.

Jumapili, 24 Februari

Theluji tangu asubuhi. Neema anasema nami ya lazima tu. Alikuja jikoni kunywa maji. Aliliacha bomba litiririke, akajaza glasi, akakimwagia kwanza chungu cha ua. Nikangoja, nikajaza yangu, nikamwagia pia. Hakunitazama, ila alisogea kidogo nikapata nafasi ya kusimama.

Nimemwandikia Guyo barua. Mistari minne, ya kweli.

Nilipokuwa nikitoka kuitia barua kwenye sanduku la posta, nimeikuta chupa ya chai sakafuni, karibu na mlango. Imejaa. Amebandika karatasi, herufi kubwa za Kiswidi: USINYWE, BABA. Chini yake, kwa penseli, kwa Kiswahili: Safari hii nitaibeba mimi.

Sikuuliza safari ni lini. Niliivuka chupa kwa uangalifu, nisiiangushe.