Minofu Tuliyomwekea Mgeni Asiyekuja

Jumapili, Bweri. Jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi, upepo wa ziwa unapeperusha shuka zetu kwenye kamba, na mimi nina mume. Bado naamka nashangaa. Nina mume! Anaitwa Magesa, ana vidole virefu, na akicheka anafunga jicho moja.

Lakini wiki hii nimecheka nusu nusu.

Magesa anakata minofu ya sangara kwenye kiwanda cha samaki hapa Musoma. Alhamisi waliitwa wote wakiwa na gambuti zao miguuni, wakaambiwa sehemu yao inafungwa. Sasa samaki atagandishwa mzima, apelekwe nchi ya mbali huko Asia akakatwe kwa bei nafuu, ndipo apelekwe Ulaya kuliwa. Sangara wa hapa atasafiri kuliko ukoo wetu wote. Msimamizi akamwambia Magesa kuna kiwanda upande wa Uganda bado kinataka wakataji, na Jumatatu atoe jibu kama anakwenda. Nyumbani angekuwa anarudi kwa nadra sana.

Jumatatu ni kesho.

Acha nikiri hapa, maana mbele yake nimeshindwa: begi lake la safari nimelificha nyuma ya gunia la mkaa. Nilimwambia popote atakapokwenda nitamwombea, kwa sauti tamu ya mke mwema, kisha nikaenda kulisukuma begi kwa mguu.

Simchukii huyo atakayekata samaki kule mbali. Labda naye ameoa juzi, ana mtu anayemsubiri jioni. Hata kwetu Bunda, baba analimaga pamba, inapanda lori inatokomea, halafu tunakutana nayo sokoni ikiwa shati. Nimekua nikiyaona hayo na sikuwahi kuuliza chochote. Mpaka lori lilipotaka kumpakia mume wangu.

Leo mama mkwe amekuja kutoka Bugwema kula chakula changu kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa. Jamani, kila aliyeolewa anaujua mtihani huo! Magesa alikwenda mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, akanunua sangara mzima, mkubwa, akasema leo mimi nipike tu, kukata ni kazi yake. Akaketi uani na kisu. Kisu kilikuwa kinateleza taratibu kama anachana nywele zangu. Nilisahau hata kuosha nyanya. Minofu akaipanga kwenye beseni safi, akaifunika, akaiweka ndani penye ubaridi. Akaniletea kichwa na mgongo wenye miba, yaani panki. Nikalipika kwa nyanya na ndimu, nikasonga ugali wa muhogo, nikapiga goti, nikakaribisha.

Mama mkwe alikula kichwa kwa furaha. Halafu akaigeuza mifupa, akaigeuza tena.

"Mwanangu, huyu samaki alikuwa anaumwa?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Mbona hana nyama?"

Tukatazamana mimi na Magesa. Mungu wangu! Minofu ilikuwa ndani, imefunikwa vizuri, inamsubiri Mzungu. Miaka yote mume wangu anakata minofu ya watu na kurudi nyumbani na panki, nami tangu nifike hapa nakula panki. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba leo samaki ni wetu.

Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikaanguka. "Kiwanda kimekuambia hakitaki mikono yako, na wewe bado unakiwekea minofu! Kailete, mkamwana, kabla mgeni wenu hajafika!"

Nikaikaanga yote. Magesa akatafuna kipande kimoja kwa muda mrefu, macho chini.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema.

Wakati huo akaingia Mama Zulfa, jirani yetu anayekaangaga mapanki pale Nyasho. Alikuja kuuliza kama kweli mapanki yataisha kiwandani. Magesa akamwambia kweli: samaki akiondoka mzima, kichwa chake nacho kinaondoka. Yule mama akashika kiuno, amenyong'onyea. Nikampa mnofu. Akauonja, akanyooka.

"Shemeji, vitu hivi mlikuwa mnawapaga Wazungu tu? Kesho mimi nanunua samaki mwaloni, wewe unanikatia. Minofu kwa wenye migahawa mjini, panki kwa wateja wangu. Tujaribu. Ikishindikana, Uganda haihami."

Magesa akanawa mikono. Akaondoka kumsindikiza mama yake stendi, na mimi nikabaki nasugua sufuria moja hiyo hiyo.

Alirudi jioni, akasimama mlangoni. "Mke wangu, begi langu liko wapi?"

Moyo ukaanguka puu! Nikalitoa nyuma ya mkaa, limechafuka upande mzima, hata uongo nikaukosa. Akalipangusa kwa kiganja. Akaweka kisu. Akaweka ubao wa kukatia na aproni. Nikasubiri aweke mashati.

Hakuweka.

"Niletee na gambuti," akasema. "Mwaloni asubuhi kuna tope." Akafunga jicho moja.

Sijui kama wenye migahawa watanunua. Nawafikiria wenzake wa kiwandani pia, wengine wana watoto shuleni na hawana Mama Zulfa wao. Magesa anasema mambo yakienda vizuri atawaita. Lakini shuka zimekauka, zinanukia jua, na kesho mchana mume wangu atakula hapa, kwenye mkeka huu.

Nimpikie nini? Mama mkwe asisikie, ila mimi bado napenda panki.