Taa ya Upepo Njia ya Kaloleni

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba neno lisiloanza na salamu ni ugomvi, basi naanza hivyo hivyo.

Gari lako lipo. Naliendesha mimi sasa, na kila Jumapili kabla ya ibada nalizunguka na ile geji yako ya upepo, huku wanangu wamenuna mlangoni na viatu vyao vya kung'ara. Nasi tulikuwa tukinuna hivyo hivyo. Utange nzima ilijua tukichelewa kanisani ni kwa sababu mzee anapima matairi. Ulitukalisha mmoja mmoja mbele ya usukani ukatuonyesha ile taa ya njano, yenye umbo la tairi lililokatwa, na alama ya mshangao katikati. "Hii ikiwaka, tairi limepungua upepo. Usikanyage breki kwa pupa, usianze maombi. Simama pembeni, upime." Hilo la maombi ndilo linalonifanya nikuandikie.

Siku ya kukuzika niliendesha mimi. Tulilaza viti vya nyuma tukakuweka, Mama akabanana kando ya jeneza, na Baba mdogo Kazungu akakaa mbele nami. Wazee walisema ndugu yako wa tumbo moja ndiye wa kukusindikiza nyumbani Kaloleni. Sikumtaka. Unakumbuka matanga ya Hawe, mama yenu, Baba mdogo aliposimama mbele ya watu akasema umemwacha mzazi wako afe bila hospitali, nawe una gari, kwa kuwa Mombasa imekulewesha. Ulikaa kimya. Nilimkasirikia yeye kwa kukuaibisha, nikakukasirikia na wewe, kwa sababu niliamini.

Tulipofika Miritini taa ikawaka. Katika kukuuguza hakuna aliyekumbuka matairi. Nikasimama kando ya barabara, malori ya makontena yakipita na kututikisa. Baba mdogo akaitolea macho ile taa.

"Hiyo ni nini?"

Nilifungua mdomo kumwambia, lakini alishageuka, mkono juu ya jeneza, jasho likimtiririka. "Amekataa kwenda," akasema. "Kaka amekataa kwenda na mimi."

Unajua wanavyosema kwetu, kwamba maiti mwenye kinyongo hulizuia gari mpaka aombwe radhi. Ungekuwa hai ungecheka mpaka ukohoe. Nikataka kusema ni upepo tu. Mama, aliyekaa ndani ya gari hili miaka yote na anayeijua taa ile kuliko mimi, akanigusa bega. "Mwache amalize."

Akamaliza. Alisema ulikuja na gari kumchukua Hawe, tena si mara moja. Yeye ndiye aliyekuzuia mlangoni, akakuambia mama hataki hospitali, kumbe Hawe yuko chumbani anauliza kama mwanawe amefika. Aliogopa mama akifia mjini watu watasema Kazungu alishindwa kumtunza mamake. Hawe alipokufa, akaogopa zaidi, akawahi kusema kabla hujasema wewe. "Kaka, niachilie. Wewe ulikuja. Mimi ndiye niliyekurudisha." Alilia mpaka kwikwi ikamshika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Baba mdogo ilianzia kwenye matanga ya Hawe ikafika Miritini, nawe ulitembea naye yote ukiwa umefunga mdomo.

Kwa nini, Baba? Wanao tungekuamini. Nadhani uliona yeye ndiye wa kubaki kijijini na wale watu, na wewe una Utange ya kurudia. Lakini sisi tulirudi Utange na wewe, na tulikuangalia kwa jicho lile. Hukuona? Naona ulikuwa unaona.

Fundi wa pancha alikuwa hatua chache mbele. Akakuta msumari kwenye tairi la nyuma, akauchomoa, akaziba, akajaza upepo. Baba mdogo hakuteremka, alibaki amefumba macho, ameshika jeneza. Taa nayo haizimiki hapo hapo, hutaka gari litembee kidogo. Ilizimika tulipopita Mazeras. "Amenisamehe," akasema, akalala usingizi kama mtoto aliyenyonya. Na kaburini, kabla ya udongo, alisimama akawaambia wote aliyotuambia sisi. Jina lako lilisafishwa, Baba, mbele ya wale wale waliolisikia likichafuliwa. Ni wewe tu ambaye hukusikia, na ni wewe uliyestahili.

Wiki iliyopita Baba mdogo alikuja kutusalimia. Nilimpeleka Bamburi, na njiani taa ikawaka tena. Akashika mlango. Mimi nikateremka, nikapima, nikaongeza upepo, tukaenda, ikazimika. Akanigeukia.

"Na siku ile?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini mimi ni binti yako, na nimeona uongo mmoja ulivyotula. "Hata siku ile, Baba mdogo. Ulikuwa msumari."

Tukarudi nyumbani. Mama alimwekea wali na samaki wa nazi, hakugusa. Alipoinuka kwenda kulala ndipo aliposema, "Basi kaka hajanisamehe." Mzee mzima, Baba, na mabega yamemwanguka. Nilijuta kusema. Halafu nikajuta zaidi kwamba msumari ule haukutuingia zamani, siku ambayo usukani ungekuwa mkononi mwako na yeye ameketi hapo kando.

Siwezi kukurudisha usikie. Lakini nakuahidi hivi: Jumamosi nitampeleka Kaloleni, matairi yote yakiwa sawa, asimame penye kaburi lako aseme tena bila kutishwa na chochote. Nawe hutajibu, najua. Nitamjibu mimi. Kwa mila yetu mtoto anaweza kumsemea baba yake, na nimekaa wiki nzima nikijiuliza kama ninaweza. Ninaweza. Nikimwambia amesamehewa, neno hilo litakuwa lako kwake. Na wewe, pale pale ulipolala, niachilie na mimi, maana ulikuja kumchukua mama yako na mimi sikuamini.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Kadzo