Maumivu ya Rafiki wa Baba

Voi, 13 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo, na kwamba masikio hayajazidi kuziba. Mimi mzima, ila joto la Voi limenikausha. Nampa Priscilla wa kwetu, anayeuza mboga hapa sokoni, barua hii aipandishe pamoja na magunia yake matupu ya sukuma wiki, kwa sababu kwa simu tutapigiana kelele bure.

Nina shida ya kazini. Hapa kwenye tiba ya viungo fomu zetu ni za Kiingereza, na zina neno ache, yale maumivu ya misuli yanayokaa tu mwilini. Kamusi inanipa "maumivu", basi. Mgonjwa nikimuuliza anasema inauma. Inauma vipi? Inauma tu. Bi. Kavinya anayenifundisha kazi ameniagiza niandike maneno ya watu wetu wenyewe, ili kila mgonjwa achague lake. Nikakukumbuka wewe, uliyejenga kuta za mawe maisha yako yote na hujawahi kukubali kwamba unaumwa. Nisaidie.

Binti yako,
Cynthia

Chawia, 16 Februari 2024

Mwanangu Cynthia,

Marahaba. Mimi sijambo, ng'ombe hajambo, ukungu hautoki mpaka saa nne. Kumbe nilikusomesha miaka yote hiyo ili uje kuniuliza mimi? Haya, andika.

Kuuma ni jina la jumla, liache. Uchovu ni ule unaoisha ukioga maji moto. Kukakamaa ni mgongo wangu asubuhi, kabla haujakumbuka kazi yake. Kukaza ni misuli ya mguu, inakurusha kitandani kama mbuzi. Kuvuta ni nyonga ya jirani yetu Wakio akipanda kilima. Kuwaka moto ni mabega yaliyobeba mawe. Kupwita ni kidole kilichoonja nyundo. Kuteguka unakujua, ulilia wiki nzima darasa la nne.

Halafu kuna kubana. Hilo ni la rafiki yangu mmoja. Akipandisha jiwe, kifua kinabanwa kama mzigo uliofungwa kamba, kisha inashuka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho. Akikaa kidogo inamwachia. Anasema ni mawe tu.

Tuko kwenye zamu ya kulipana siku za kazi. Januari kikundi chetu kilinijengea matuta yangu, sasa ni ya Wakio. Alinibebea mawe wiki nzima na nyonga hiyo hiyo, mjane wa watu. Siwezi kukosa hata siku moja.

Baba yako

Voi, 20 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi nimecheka mpaka wagonjwa wakanigeukia. Maneno yote nimeyanakili, na kubana nimeliweka kati ya kukaza na kuvuta. Mwambie rafiki yako ni misuli ya kifua imechoshwa na mawe. Nimempa Priscilla dawa ya kuchua, rafiki yako ajichue asubuhi na jioni. Bi. Kavinya yuko likizo kwao Kibwezi. Akirudi atanisifu, utaona.

Binti yako,
Cynthia

Chawia, 5 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimepata, na dawa pia. Rafiki yangu amejichua mpaka watu wanamnusa kutoka barabarani. Lakini kule kubana sasa kunamjia hata akiwa amekaa anakula. Usimwonee huruma sana, ni mtu mzima.

Wakio amebakiwa na tuta moja. Mvua ikitukuta ukuta haujafungwa, udongo wake wote utateremka kwa jirani. Tukimaliza nitashuka Voi nikuone. Nimekukumbuka sana siku hizi.

Baba yako

Voi, 8 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Bi. Kavinya amerudi. Alikuwa anasoma orodha akicheka, kidole chake kikasimama kwenye kubana. Akaniuliza nani amesema hivi. Nilipomwambia nimempa dawa ya kuchua, alinisukumia simu.

Hiyo si misuli, Baba. Ni moyo. Na wewe huna rafiki anayebeba mawe Chawia ambaye mimi simjui.

Weka jiwe chini. Nimempigia Wakio tangu saa tatu, simu yake imezimwa, kwa hivyo Priscilla amekubali kufunga biashara mapema kwa ajili ya barua hii. Shuka na gari la kwanza utakalopata. Ukichelewa, jioni napanda mwenyewe nikitoka kazini. Tafadhali, Baba.

Cynthia wako

Chawia, 2 Aprili 2024

Mwanangu Cynthia,

Habari za tangu mazishi ya baba yako? Unakula? Huku tunasukuma siku. Siku ile nyumba ilijaa watu, nikashindwa kukuambia, na kwenye simu pia nimeshindwa.

Barua yako ilifika. Priscilla aliileta mpaka shambani kwangu, saa tisa. Baba yako aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akacheka. "Cynthia amenikamata," akasema. Nikamuuliza kuna nini. Akasema unamwita Voi na ataenda, ila ukuta umebakiza mawe matatu tu, na yeye hawezi kuondoka na deni la siku yangu mkononi.

Niliona uso wake si mzuri. Niliona, mwanangu. Nikatazama mawingu, nikatazama udongo wangu, nikanyamaza. Aliinua la kwanza. Hakuliweka.

Mvua imenyesha wiki tatu sasa na ukuta umesimama na pengo lake, hata udongo wa kujaza kikombe haujateremka. Mawe yako pale pale. Kikundi kimekataa kuyagusa, na mimi nikiyaona nalia. Ukinikasirikia, una haki.

Shangazi yako,
Wakio

Voi, 5 Aprili 2024

Shangazi Wakio,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Mimi nakula kidogo.

Nilikasirika, siwezi kukuficha. Kisha hasira ikakosa pa kukaa. Wewe ulinyamaza dakika chache. Mimi aliniandikia kila kitu, mpaka kidole cha mwisho, na nikamtumia dawa ya kuchua.

Bi. Kavinya amebandika orodha yetu ukutani. Kubana nimelitoa katikati, nimeliandika juu peke yake kwa wino mwekundu: mgonjwa akisema hili, hata akidai ni la rafiki yake, usimchue, mkimbize kwa daktari.

Jumamosi ijayo nakuja. Siku aliyobakiza Baba ni yangu sasa, kwa hivyo mtu asiyaguse mawe yale. Mikono yangu ni laini, utanicheka, lakini ni matatu tu.

Binti yako,
Cynthia